Kumdhulumu mzee si siri ya nyumba

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua, lakini hatupendi kulitaja kwa jina lake. Jambo hilo ni dhuluma wanayofanyiwa watu wazima wasioweza kujitetea, yaani wazee walioishiwa nguvu na watu wenye ulemavu. Mara nyingi dhuluma hiyo hufanywa na watu wanaokula nao sahani moja.

Nitaanza na kisa ambacho mimi mwenyewe sina haki ya kukisimulia kwa kujisifu. Mwaka 2019, katika mtaa ninaoishi hapa Dar es Salaam, alikuwapo mzee mmoja mstaafu. Enzi zake alikuwa fundi hodari, na watoto wote wa mtaa walimwita babu. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na ulimi ukawa mzito hata akawa haeleweki anaposema. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na binti yake wa pekee ameolewa Morogoro. Basi akaja mtoto wa ndugu yake, pamoja na mkewe, wakae naye wamtunze. Sote mtaani tukasema afadhali, mzee amepata watu.

Baada ya miezi kadhaa tukaacha kumwona barazani. Ukiuliza, unajibiwa, "Babu amelala." Lakini usiku wa manane, ninaporudi kutoka zamu ya studio, nilikuwa nikisikia kitu kikigonga nondo za dirisha la chumba chake. Ko, ko, ko. Ilikuwa bakora yake. Nilijua ni yeye. Nikajiambia kwamba huenda hana usingizi. Usiku mwingine nikajiambia kwamba kila nyumba ina mambo yake. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, swali hilo sikuliuliza kwa muda wa miezi mitatu.

Aliyeuliza ni mama mmoja anayeuza vitumbua kando ya barabara. Yeye alikuwa ameona kitu kidogo tu. Kila asubuhi wenye nyumba walipotoka kwenda kwenye shughuli zao, waliutia mlango kufuli kwa nje, na mtu yumo ndani. Yule mama akaacha karai lake, akaenda kwa mjumbe. Mjumbe akampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akampigia simu afisa ustawi wa jamii. Mlango ulipofunguliwa, mzee alikutwa juu ya godoro lililolowa, ana vidonda vya mgongoni vya kulala upande mmoja, na kikombe cha maji kiko mahali asipoweza kukifikia. Kadi yake ya benki alikuwa nayo yule mtoto wa ndugu yake, na pensheni ilikuwa ikitolewa kila mwezi bila kukosa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika mambo haya usemi huo ni wa kweli kabisa. Tunawaonya wazee wetu juu ya matapeli wa barabarani, kumbe anayewaumiza mara nyingi ana ufunguo wa nyumba.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuelewane kwanza dhuluma yenyewe ni ipi, maana wengi tukisikia neno hilo tunafikiria ngumi na fimbo tu. Kumpiga mzee ni dhuluma, hilo halina ubishi. Lakini yako mengine yasiyoacha alama. Kumtukana mtu kila siku kwamba ni mzigo, na kumtisha kwamba atatupwa nje, ni kumdhulumu. Kumfungia ndani au kumfunga kamba, eti asitoroke, ni kumdhulumu pia. Kumnyima chakula, maji, dawa au kumwacha bila kumsafisha, wakati wewe ndiye uliyechukua jukumu la kumtunza, ni dhuluma hata kama hukuinua mkono wako. Iko dhuluma ya kujamiiana, ambayo huwapata sana wanawake wenye ulemavu wa akili na viziwi, kwa sababu mkosaji huamini kwamba mwathirika hataweza kueleza, au akieleza hataaminiwa.

Halafu iko dhuluma ya mali. Hii ndiyo iliyoenea sana mijini. Mtu anachukua kadi ya benki ya mzee na namba yake ya siri, au anashika simu yake ambayo fedha za watoto hutumwa humo. Mwingine anamletea mzee asiyeona vizuri karatasi, anamwambia ni fomu ya hospitali, naye mzee anaweka kidole gumba. Baada ya mwezi anaambiwa kiwanja si chake tena.

Huko vijijini, dhuluma ya mali hujificha nyuma ya jambo jingine la kutisha zaidi. Nazungumzia tuhuma za uchawi. Sote tunajua habari za mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, ambako kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku kwa kudaiwa kuwa ni wachawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu mamia ya watu waliouawa kwa sababu hiyo. Na alama iliyotumiwa kuwahukumu akina mama hao ilikuwa ni macho mekundu.

Hebu tujiulize, macho hayo yanakuwa mekundu kwa sababu gani? Usukumani miti ni michache, na akina mama wengi wamepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, au mabua, katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Mwanamke anayekaa katika moshi wa namna hiyo kwa miaka 50, tangu akiwa msichana, atakuwa na macho ya aina gani? Macho hayo mekundu yametokana na kuwapikia hao hao wanaomtuhumu.

Mashirika yaliyofanya kazi na wazee katika eneo hilo, kama vile HelpAge International na MAPERECE ya Magu, yalilielewa jambo hili. Pamoja na kuwahimiza watu waache mauaji, yaliwafundisha wanakijiji kujenga majiko yanayopunguza moshi, yaliwasaidia vikongwe kupata nyumba imara, na yaliwaelimisha watu juu ya haki za mirathi. Kwa nini mirathi? Kwa sababu mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma ya uchawi utakuta shamba. Mjane anabaki na ardhi ya marehemu mumewe, na wapo wanaoona anachelewa kuondoka duniani.

Hapa ni lazima tuseme ukweli kuhusu sheria zetu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Lakini tangu 1963 liko pia Tamko la Sheria za Mila, ambalo katika makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba lilimwacha mjane mwenye watoto bila fungu katika mirathi, kwa hoja kwamba watoto ndio watakaomtunza. Hoja hiyo ingefaa kama kila mtoto angemtunza mama yake. Mtoto asipomtunza, mjane anabaki hana shamba na hana mtunzaji.

Naikumbuka hukumu moja mashuhuri iliyotolewa na Jaji James Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Mama mmoja wa Kagera alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipoona amezeeka na hana mtu wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo ni ya ubaguzi, inapingana na Katiba, na mauzo yale ni halali. Wanasheria huitaja hukumu hiyo wanapozungumzia haki za wanawake. Mimi naona inahusu pia uzee. Mama yule hakuwa na mtunzaji, alikuwa na shamba, akataka shamba limtunze. Aliyejitokeza kumzuia alitoka katika ukoo wake mwenyewe.

Je, mzee na mtu mwenye ulemavu wanalindwa na nini? Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaielekeza nchi iweke utaratibu wa kumpatia mtu msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Kweli, ibara hiyo ni mwelekeo wa serikali na haiwezi yenyewe kumfikisha mtu mahakamani, lakini sheria nyingine zinaweza. Iko Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayokataza ubaguzi na iliyoagiza kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 16 inazitaka serikali kuwalinda watu hao dhidi ya ukatili na unyonyaji, ndani na nje ya nyumba. Nasisitiza maneno hayo, ndani ya nyumba.

Kwa upande wa wazee, tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sensa ya 2012 iliwahesabu wazee wa umri huo kuwa kama milioni 2 na nusu. Nao Umoja wa Afrika mwaka 2016 ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee, inayozitaka nchi kuzikomesha mila zenye madhara, pamoja na kuwatuhumu wazee uchawi.

Lakini iko sheria moja ya zamani ambayo nadhani ingefaa ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa. Katika Kanuni ya Adhabu imeandikwa kwamba mtu aliyechukua dhamana ya mwingine asiyejiweza, iwe kwa umri, kwa maradhi au kwa akili, ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima ya maisha. Akishindwa kutimiza wajibu huo, huhesabiwa kuwa ndiye aliyesababisha madhara yatakayompata yule mtu. Maana yake ni kwamba ukimwacha mzee na njaa katika chumba kilichofungwa, huwezi kujitetea kwamba hukumgusa. Nayo Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928 wakati wa Waingereza, imefanya kumtaja mwenzako kuwa mchawi kuwa ni kosa. Kwa hiyo yule anayesimama kilabuni na kusema, "Bibi fulani ndiye aliyemroga mtoto," amekwisha kuvunja sheria kabla hata panga halijanolewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasikilizaji wengi huuliza katika barua zao. Ukiona dalili za dhuluma, uende wapi?

Mlango wa kwanza ni ule alioupitia mama muuza vitumbua, yaani mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Wapo pia watendaji wa mtaa, kijiji na kata. Hawa wanajua nyumba na wanajua watu. Mlango wa pili ni afisa ustawi wa jamii, ambaye unaweza kumpata katika halmashauri yako, na sehemu nyingine hata kwenye kata au hospitali. Mlango wa tatu ni polisi, na katika vituo vingi liko Dawati la Jinsia na Watoto. Jina la dawati lisikutishe ukadhani mzee hana nafasi hapo. Askari wa dawati wamefundishwa kumsikiliza mtu aliyeumizwa nyumbani mwake. Kama mtu ameumia, polisi hutoa fomu namba 3, ile tunayoiita PF3, ili daktari aandike alichokiona. Lakini mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza, karatasi zifuate. Na kama ugomvi ni wa mali, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na msaada wao kwa wasio na uwezo ni wa bure.

Afisa ustawi wa jamii akifika hufanya nini? Niliwahi kumfuata mmoja katika kazi yake, nikajifunza mambo ambayo sikuyajua.

Kwanza, alikataa kuzungumza na mhusika mbele ya jamaa zake. Aliomba wote watoke, akakaa kitini ili uso wake uwe sawa na wa yule mama aliyelala kitandani. Alipomuuliza swali alinyamaza akasubiri jibu, hata lilipochelewa. Aliniambia baadaye kwamba mtu aliyekwisha kuzoea kutishwa haongei kwa haraka, na ukimharakisha atakwambia yote ni mema.

Pili, alitazama vitu. Alitazama ndani ya sufuria, akatazama dawa zilizobaki na tarehe zilipotolewa, akatazama ngozi ya mgongo na visigino, na akauliza kadi na simu ziko kwa nani. Aliniambia kwamba mdomo wa mtu aliyetishwa unaweza kuogopa, lakini mgongo wake hausemi uongo.

Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, alimuuliza yule mama, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?" Sisi wengine tunapotaka kumsaidia mzee au mtu mwenye ulemavu tunakimbilia kumwamulia. Tunamhamisha au tunamchukulia vitu vyake vyote kana kwamba ni mtoto mdogo. Mtu mzima ni mtu mzima hata kama hatembei au hasikii. Yule mama hakutaka mwanawe apelekwe jela. Alitaka kupewa fedha zake mkononi, na alitaka mlango usifungwe. Afisa aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha ndipo akaita kikao cha familia.

Ni kweli kwamba mapatano ya kifamilia yana mipaka yake. Kama mtu amebakwa, au amepigwa akaumizwa, au maisha yake yamo hatarini, hapo si mahali pa kikao cha mkeka na soda. Hapo ni polisi na mahakama. Wapo ndugu wanaomaliza kesi ya binti mwenye ulemavu wa akili kwa mbuzi mmoja na fedha kidogo, na aliyefanya ubaya anabaki jirani. Na kwa wale wanaosema kwamba bubu au kiziwi hawezi kutoa ushahidi, nawaambia kwamba Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, na ushahidi wake unahesabika sawa na wa mdomo. Kinachotakiwa ni kumtafuta mkalimani wa lugha ya alama.

Na kama nyumbani hapafai tena? Yapo makazi ya wazee na watu wasiojiweza yanayoendeshwa na serikali, kama vile Nunge huko Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Visiwani Zanzibar yako makazi ya Sebleni na Welezo. Lakini sera yetu inasema kwamba familia ndiyo mtunzaji wa kwanza, na makazi ni kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Nami nakubaliana nayo, kwa sharti moja. Familia ikipewa kazi hiyo, isiachwe peke yake.

Hapa nirudi kwa yule mtoto wa ndugu wa babu. Mtaani tulimlaani sana, na kosa lake sitalifunika. Lakini alipohojiwa, alieleza jambo lililotunyamazisha. Alikuwa amepoteza kazi. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani. Alikuwa akimbeba babu peke yake, usiku na mchana, na binti wa Morogoro alikuwa akipiga simu tu. Mwanzoni alichukua pensheni kununua chakula cha wote. Baadaye akaizoea kama mshahara wake. Na kufuli aliliweka siku ambayo babu alianguka akitambaa kwenda nje. Ndivyo dhuluma nyingi zinavyoanza, kidogo kidogo, kwa mtu aliyechoka na asiye na wa kumpokea zamu. Sisi majirani tungeweza kumpokea, hata kwa saa moja kwa siku. Hatukujitolea, na hilo ni fungu letu katika kosa lile.

Iko pia sehemu ya serikali. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache kwa kazi waliyo nayo, na mmoja aweza kuhudumia kata nyingi bila hata pikipiki. Simu ya mwenyekiti inaweza kumfikia leo, naye akafika wiki ijayo. Siku hizo saba ni nyingi kwa mtu mwenye kiu. Halmashauri zinapopanga bajeti zao, madiwani wakumbuke mafuta ya pikipiki ya afisa huyu kama wanavyokumbuka mafuta ya magari yao.

Na tusisahau nguvu ya mzee kuwa na senti yake. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2018 walianza kuwalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii, na ibara ya 57 ya Katiba yao ya 2010 inamhakikishia mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa. Fedha hizo si nyingi. Lakini mzee mwenye kitu mkononi hutunzwa kwa adabu zaidi, ilimradi kitu hicho kibaki mkononi mwake. Kwa hiyo, mwanangu unayenisikiliza, ukimsaidia bibi kutoa fedha, mwonyeshe risiti na umhesabie mbele ya mtu wa pili. Nawe mzee mwenzangu wa kesho, andika wosia wako ukiwa na akili timamu, na uuhifadhi mahali salama. Hata RITA wanapokea wosia na kuutunza. Usiweke kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu unayemwamini, na ikibidi asome mtu wa pili.

Kwa majirani, ninazo dalili chache za kuzishika. Mtu aliyezoea kutoka akiacha kuonekana, uliza. Kila ukija ukiambiwa amelala, njoo saa nyingine. Anayetunzwa akimtazama mtunzaji wake kabla ya kukujibu, mtafutie nafasi ya kuwa peke yake. Mlango ukifungwa kwa nje na mtu yumo ndani, usingoje kesho. Wala huhitaji kuwa na uhakika. Kazi ya kuhakikisha ni ya afisa, yako ni kutoa habari.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuingilia mambo ya watu, na kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hiyo naiheshimu. Lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyefungiwa chumbani akinyimwa maji. Na wahenga hao hao walisema hujafa hujaumbika. Leo tunatembea kwa miguu miwili na tunasema kwa ndimi zetu, na kesho yetu hatuijui.

Babu yetu alitibiwa, vidonda vikapona. Binti yake alikuja kutoka Morogoro akamchukua, na kadi ya benki ikarudi mikononi mwake. Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi. Nilikwenda kumwona mara moja. Maneno yake hayakuwa yamerudi, lakini alinitambua. Alichukua ile bakora, akagonga sakafu mara tatu, ko, ko, ko, kisha akanitazama. Sikujua kama ananisalimu au ananiuliza nilikuwa wapi. Mpaka leo sijui, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nilikuwa nikimsikia.

Ndugu msikilizaji, usiku wa leo ukisikia mtu anagonga dirisha katika nyumba ya jirani, usijiambie kama nilivyojiambia mimi. Inuka ukaulize. Kwa juma hili naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.